Ufunguo wa Stoo Uko Mjini: Barua ya Wazi Kutoka Zamu ya Usiku

Kwa wakuu mnaosimamia afya ya Waganda: mlioko wizarani, maafisa wa afya wa wilaya, wakurugenzi wa hospitali, na wajumbe wa kamati za dharura kila mahali.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali magharibi mwa nchi, na huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Ukisimama nyuma ya wodi yetu ya watoto asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima, na nyuma ya milima ni Kongo. Jina la hospitali sitaliandika. Nikilitaja, jambo hili litageuka kuwa la hospitali moja, mkurugenzi mmoja ataitwa ajieleze, na wengine wote watashusha pumzi. Wenzangu niliosoma nao wametawanyika Arua, Mbale, Masaka na Hoima, na kila tukizungumza kwa simu wananisimulia usiku unaofanana na wangu.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nililelewa katika kota za polisi, ambako watoto wa Waacholi, Waganda, Wateso na Wakonzo hatukuwa na lugha nyingine ya kuchezea wala ya kugombania. Baba alikitumia kazini, sisi tukakiingiza nyumbani. Leo ndicho kinachonisaidia mgonjwa anapovushwa mpaka usiku, nami ndiye peke yangu wa kumuuliza ametoka wapi, amekula nini, amemzika nani.

Ninalotaka kusema ni hili. Mipango yenu ya dharura imeandikwa kana kwamba maafa huanzia ofisi ya mkurugenzi, mchana, siku ya kazi. Mimi nimeyaona yakiingia saa nane usiku juu ya boda boda, na anayeyapokea ni muuguzi asiye na ruhusa ya kufanya kile kile mlichomfundisha.

Mwaka 2022, siku chache baada ya Ebola kutangazwa Mubende, nilikuwa zamu ya usiku. Wodi ilikuwa na wagonjwa 43, wengine wamelala kwenye mikeka chini pamoja na jamaa waliokuja kuwauguza. Tulikuwa wawili tu, mimi na mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Saa nane na nusu boda boda ikasimama mlangoni: dereva mbele, kijana katikati, mama yake nyuma amemkumbatia asianguke. Kijana alikuwa na homa ya siku nne, anatapika, na fizi zake zinatoka damu. Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka akaolewa upande wetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili.

"Mama, huyu ametoka wapi?"

"Ametoka kazini, musawo. Kassanda, kwenye mashimo ya dhahabu."

"Kuna mtu alikufa huko?"

Alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Rafiki yake. Walimzika Jumapili."

Kassanda inapakana na Mubende. Nilijua la kufanya, maana lilikuwa limechapishwa kwenye bango ukutani mbele yangu: mtenge mgonjwa, vaa vifaa vya kujikinga, piga simu ya taarifa, andika majina ya wote waliomgusa. Vifaa vilikuwepo. Viliteremshwa wiki ile ile, maboksi mapya ya gauni, miwani, buti na aproni, na vilikuwa hatua 30 kutoka pale niliposimama, ndani ya stoo yenye kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mjini, nyumbani kwa mtunza stoo, na simu yake ilikuwa imezimwa. Mkurugenzi alikuwa Kampala mkutanoni. Kiongozi wangu wa uuguzi alipokea simu nilipopiga mara ya tatu, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia tusubiri asubuhi, kwa sababu stoo haifunguliwi bila sahihi ya watu wawili.

Kusubiri asubuhi maana yake ilikuwa kumwacha kijana kwenye benchi la mapokezi, akitapika, kati ya familia sita zilizokuwa zimekaa pale. Nilimwita askari wa lango. Mzee yule alinitazama, akaenda akarudi na kipande cha nondo, akalivunja kufuli kwa mapigo manne.

Nilivaa huku mwanafunzi akinisomea bango hatua kwa hatua, kwa sauti, mikono yangu ikitetemeka. Tulimhamishia kijana kwenye veranda ya nyuma ya chumba cha kufulia, ndipo penye upepo na pasipopita watu. Dereva wa boda boda alitaka kuondoka akatafute abiria wengine. Nilimsihi abaki hadi tumnawishe kwa klorini, tuioshe pikipiki yake, na niandike namba yake na jina la mwenyekiti wa kijiji chake. Alikasirika, akanawa. Nashukuru alinisikiliza, kwa sababu hakuna kipengele chochote cha mpango wa dharura kinachomtaja yeye, na yeye ndiye aliyekuwa ameegemewa na mgonjwa mgongoni kwa saa nzima.

Asubuhi watu wa wilaya walikuja, sampuli ikachukuliwa ikapelekwa maabara ya Entebbe. Majibu yalirudi siku ya tatu: malaria kali. Kijana alipona. Katika siku hizo tatu nililala kwenye chumba cha magodoro yaliyochakaa, kwa sababu hospitali haikuwa na mahali pa kumweka muuguzi aliyeguswa na shaka kama hiyo. Binti yangu wa miaka sita aliletwa hadi kwenye uzio jioni, tukaongea yeye akiwa upande wa barabara.

Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kujieleza. Nilikuwa na makosa mawili: kuharibu mali ya serikali na kuzusha taharuki. Kufuli nililipa, shilingi 18,000. Barua yangu ya majibu iko kwenye faili langu hadi leo na hakuna aliyeijibu. Mwanafunzi yule alipomaliza masomo aliniambia kwamba alichojifunza usiku ule ni kwamba, siku nyingine, heri kungoja asubuhi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko shilingi, na ndilo lililonifanya hatimaye niandike.

Sitaki mmlaumu mtunza stoo. Ana watoto kama mimi, na anadaiwa kila glavu na wakaguzi. Mwaka mmoja yalipotea maboksi mawili, akakatwa mshahara. Amefungwa na utaratibu ule ule ulionifunga mimi, ila yeye anao ufunguo na mimi ninao mgonjwa.

Waheshimiwa, mnajua kuliko mimi historia ya milipuko ya nchi hii. Lakini naomba tuitazame kutoka wodini.

Gulu, mwaka 2000. Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza Hospitali ya St. Mary's Lacor, alikuwa masomoni Kampala alipoitwa arudi, kwa sababu wauguzi wanafunzi walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Alikesha pamoja na mtawa muuguzi wakipekua mafaili ya waliokufa, na kabla ya tangazo lolote rasmi wagonjwa walikuwa wameanza kutengwa. Mlipuko ule wa Ebola uliwapata watu 425 na kuwaua 224. Mwezi Novemba, usiku, muuguzi mmoja wa kiume aliyekuwa amelazwa alianza kuvuja damu. Lukwiya aliamshwa, akaenda kumsaidia akiwa amevaa gauni, glavu na barakoa, macho hayana kinga. Alifariki Desemba 5, 2000. Sisi wauguzi tunalitaja jina lake kwa heshima ambayo hatuna maneno ya kuieleza. Lakini nikiyafikiria yale ya mwanzo, naona Lacor ilikuwa na jambo moja ambalo sisi hatuna: aliyeutambua ugonjwa na mwenye mamlaka ya kutenga walikuwa mtu mmoja, na alikuwa macho usiku huo. Kwetu hao ni watu wawili, na mmoja wao amelala.

Mubende, mwaka 2022. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, kijana wa miaka 24, alifariki Septemba 19. Tangazo likatoka Septemba 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba vijijini vifo vya kutiliwa shaka vilikuwa vimetangulia. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Januari 11, 2023, walikuwa wamethibitishwa wagonjwa 142 na vifo 55. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 kati yao wakafa. Ile ilikuwa aina ya Ebola iitwayo Sudan, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, kwa hiyo kinga ya muuguzi ilikuwa ni ile tu aliyoweza kuivaa.

Kampala, Januari 30, 2025. Mlipuko mwingine wa aina ile ile ulitangazwa siku moja baada ya kifo cha mgonjwa wake wa kwanza kujulikana. Alikuwa muuguzi, mwanamume wa miaka 32, wa Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago. Alikuwa amezunguka vituo zaidi ya kimoja akitafuta nafuu. Niliposikia redioni nilikaa chini. Sikumfahamu, lakini najua jinsi muuguzi anavyougua: anajitibu malaria kwanza, anakwenda zamu kwa sababu hakuna wa kumshikia, anamwambia mwenzake "ni uchovu tu."

Mara zote tatu dharura ilikuwa imeanza kabla ya siku mliyoiita siku ya kwanza, na katika siku hizo zisizo na jina aliyekuwa kazini ni muuguzi. Hakuwa na posho ya hatari, hakuwa na hema, hakuna kamati iliyokuwa imekutana.

Na tumewahi kufanya vizuri, nawapongeza kwa moyo wote kwa hilo. Juni 2019, mlipuko mkubwa wa Kivu ya Kaskazini, huko Kongo, ulipokuwa ukiendelea, mtoto wa miaka 5 alivushwa mpaka na jamaa zake wakampeleka Hospitali ya Kagando, Kasese. Wahudumu pale waliishuku Ebola, akahamishiwa Hospitali ya Bwera. Tuliwapoteza wagonjwa, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Ile ilikuwa aina ya Zaire, iliyokuwa na chanjo, na wakati ule tayari mlikuwa mmewachanja wahudumu karibu 4,700 katika vituo 165, kabla mgonjwa hata mmoja hajavuka. Mimi ni mmoja wa waliochanjwa. Nakumbuka jinsi tulivyotembea wodini miezi ile: tulijua wanaotafutwa ni wagonjwa wa namna gani, tulijua pa kuwapeleka, tulijua wakubwa wanangoja simu yetu na hawatatukemea ikiwa tumekosea. Hofu ilikuwepo, ila ilikuwa na pa kwenda. Basi inawezekana, na mmeshaifanya kwa mikono yenu wenyewe.

Sasa niwaambie jinsi sisi tunavyojiandaa hivi leo, kwa sababu nadhani hamjui.

Tunaficha glavu. Karibu kila muuguzi ninayemjua ana jozi kumi au ishirini mahali fulani, kwenye mfuko wa koti, nyuma ya kabati la dawa, kwenye kopo la maziwa ya unga lililokwisha. Mkaguzi ataita wizi. Sisi tunaita akiba, kwa sababu tumewahi kumpokea mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, boksi likiwa tupu, tukavaa buveera, mifuko ya plastiki, mikononi. Naliandika hili nikijua kwamba hakuna atakayeshikwa kwa maneno yangu, maana mngelazimika kutushika sote. Mimi mwenyewe nina begi chini ya meza ya wauguzi: buti za mpira nilizonunua sokoni, tochi, nguo za kubadilisha, betri ya kuchajia simu, na daftari lenye namba za watu ninaoweza kuwaamsha. Kwenye daftari hilo nimeandika pia vipimo vya klorini, asilimia 0.05 kwa mikono mitupu na 0.5 kwa sakafu na vifaa, kwa kuwa bango lililobandikwa karibu na ndoo lilichanika mwaka juzi.

Mnapotuma watafiti watuulize kama tuko tayari kwa dharura, wengi wetu tunajibu ndiyo. Tunawaza mabegi yetu. Mpango wa hospitali, ule wenye jalada na mhuri, nimeuona mara moja ukiwa mezani kwa mtu. Ni mnene, ni wa Kiingereza kigumu, na una mchoro wa vishale vinavyoshuka kutoka kwa mwenyekiti wa kamati hadi chini. Nilitafuta neno "usiku" sikulipata.

Mafunzo hufanyika hotelini, siku tatu, na wanaoitwa ni viongozi wa wodi na watu wa ofisini. Siwaonei wivu kwa posho, wengi wao ni walimu wangu. Lakini kile wanachojifunza hakifiki kwa mtu wa zamu ya usiku. Hufika kama chai iliyoongezwa maji mara tano. Halafu mlipuko ukitangazwa mafunzo huja kwa wingi, mahema husimikwa, vipimajoto huwekwa langoni, magari meupe hujaa uwanjani. Zinahesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, furaha, picha, na ndani ya mwezi mmoja hema limeng'olewa na kwenye ndoo ya kunawia langoni hakuna maji. Mwanafunzi anayeanza kazi mwaka unaofuata hajawahi kuvua vazi la kujikinga hata mara moja, na kuvua ndiko kunakoua. Kuvaa kila mtu anaweza. Kuvua, ukiwa umechoka, umelowa jasho, miwani imejaa mvuke, unahitaji mwenzako asimame mbele yako akuambie polepole: sasa glavu ya nje, sasa nawa, sasa inama, usiguse uso.

Kuhusu usafiri nitasema kwa ufupi. Machi 2020, wakati wa korona, magari ya abiria yalisimamishwa, na boda boda zikakatazwa kubeba watu. Amri ya kutotoka nje ilianza saa moja jioni. Zamu yangu iliingia saa mbili. Nilitembea kilomita saba kwa miezi, na kwenye vizuizi Kiswahili cha kota kiliniokoa, kwa sababu kijana mwenye bunduki akisikia unamjibu kwa lugha ya kambi anakuuliza baba yako alikuwa kituo gani, na mazungumzo yanabadilika. Wenzangu wasiokijua walirudishwa nyumbani, au walilala wodini. Mpango wowote usioonyesha muuguzi atafikaje kazini na atarudije, una shimo.

Kuna usiku mwingine sijawahi kuuandika. Lori lililobeba watu waliotoka mnadani lilipinduka, tukaletewa majeruhi 31 ndani ya nusu saa. Tulikuwa wauguzi watatu, mkunga mmoja, na tabibu aliyekimbia kutoka nyumbani kwake na ndala. Kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali tulifundishwa chuoni kwa kadi za rangi. Kadi hatukuwa nazo, tukapasua shuka na kuwafunga vitambaa mkononi: fundo moja asubiri, mafundo mawili aende haraka. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyeumia kichwani ambaye nilimtazama, nikajua, nikampita niende kwa mtoto aliyekuwa anapumua. Mtoto aliishi. Yule mwanamume alinishika sketi nilipokuwa nageuka.

Nilifanya nilivyofundishwa na ningefanya vile tena. Lakini asubuhi niliandika ripoti, nikakabidhi zamu, nikaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa hospitali aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu usiku ule isipokuwa idadi ya dripu zilizotumika. Hatukuketi hata nusu saa tukaambizana kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. Wenzangu wawili kati ya wale wameacha kazi, mmoja anauza nguo. Mkijiuliza wauguzi wanaionaje dharura, basi wengi wetu tunaiona hivyo: inatukuta peke yetu, inatuacha peke yetu, na katikati kuna daftari la kujaza.

Ninachoomba kwanza, na ndicho ninachokihitaji kuliko vyote, ni karatasi moja. Iwe na sahihi na mhuri, ibandikwe kila wodi, iseme kwamba kuanzia jioni hadi asubuhi, na siku za mapumziko, muuguzi kiongozi wa zamu ndiye mwenye mamlaka: anaweza kumtenga mgonjwa anayemshuku, kufungua vifaa vya dharura, kupiga simu ya taarifa wilayani bila kupitia kwa mtu yeyote, na kuita gari la wagonjwa. Na iseme kwa maneno ya wazi kwamba akishuku na majibu yakaja kuwa malaria, hataandikiwa barua. Nawaomba mfikirie sana hilo la mwisho. Katika nchi yetu wengi wa wenye homa kali wana malaria, kwa hiyo muuguzi makini atakosea mara nyingi kabla hajapatia mara moja. Mkimwadhibu kwa zile nyingi, ile moja itampita.

Kuhusu stoo, hakuna haja ya kutugawia funguo. Kila wodi iwekewe sanduku lenye vifaa vya watu watano, lifungwe kwa kifungo cha plastiki chenye namba, cha kukatwa kwa mkono. Atakayekikata aandike namba, saa na jina lake. Mkaguzi atakuwa na hesabu yake, mtunza stoo atalala na simu yake imezimwa, na mzee wa lango hatahitaji nondo.

Ya pili ni mazoezi. Mwaka jana tulifanya moja, saa nne asubuhi, tukiwa tumeambiwa tangu juzi yake. Wageni walikuja, mgonjwa wa kuigiza alikuwa kijana mchangamfu, kila kitu kilikwenda sawa. Sina ubaya na zoezi lile. Lakini njooni saa tisa usiku bila taarifa. Mtaona bomba la chumba cha kutengea wagonjwa linatoa maji au hewa. Mtaona jenereta ina mafuta ya muda gani. Na mtakutana na swali ambalo sijaliona likijibiwa katika mpango wowote: nikishavaa lile vazi na kuingia kwa mgonjwa mmoja, ndani ya joto ambalo mtu halivumilii zaidi ya saa moja hivi, wale 43 waliobaki wodini wanaangaliwa na nani? Nani anaitwa kutoka nyumbani, kwa simu ipi, kwa gari lipi? Hilo lijibiwe kwa majina.

Wanafunzi wa uuguzi wasipangwe usiku kujazia nafasi ya muuguzi aliyeajiriwa. Gulu walitangulia kufa. Kama hospitali inawategemea, basi nao wachanjwe, wafundishwe na watibiwe kama waajiriwa.

Muuguzi aliyeguswa na mgonjwa wa kushukiwa apewe chumba safi, chakula, mshahara wake bila kukatwa, na mtu wa kuipasha habari familia yake. Akifa kazini, familia isipelekwe ofisi kwa ofisi ikiwa na cheti cha kifo mkononi. Hayo hayahitaji maelezo marefu.

Na mabango yaandikwe kwa lugha za watu. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Huku mpakani ndicho mama wa Kongo, dereva wa lori kutoka Mombasa na askari wa kizuizini wanachokisikia wote. Bango la Kiingereza ni la kwangu mimi. Yule mama aliyempakata mwanawe juu ya pikipiki naye alistahili moja.

Najua bajeti ni finyu, na najua mna mengi mezani. Ndiyo maana nimeanza na karatasi yenye mhuri, kwa sababu haigharimu chochote isipokuwa kutuamini.

Juma hili lote niko zamu ya usiku. Mkija, mpite lango kubwa. Mzee wa lango ni yule yule, atawafungulia mkijitambulisha. Msiniletee hotuba. Nileteeni mtu mmoja ajifanye mgonjwa mwenye homa, anayetapika, aliyetoka kuzika, mkae kwenye benchi la mapokezi pamoja na familia zilizopo, mhesabu dakika hadi nitakapokuwa nimevaa. Kufuli ni jipya, la chuma nene kuliko la kwanza. Ufunguo wake, ninapoandika, uko mjini.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa zamu ya usiku,
Magharibi mwa Uganda